Jinsi ya kununua gitaa dukani ukarudi nyumbani na gitaa linalopigika (mwongozo kamili)

Wanaoniandikia kuhusu gitaa karibu wote wana kesi moja. Mtu kanunua gitaa, kalipenda rangi, kafika nalo nyumbani, wiki chache baadae vidole vinauma, kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) haitoki kabisa, tyuni (ulinganifu wa sauti za nyuzi) inapotea kila akimaliza wimbo, mwisho anajiambia hana kipaji na gitaa linapanda juu ya kabati. Naomba niliseme hili wazi mapema kabisa: mara nyingi shida sio kipaji chako, ni gitaa lenyewe. Nyuzi ziko juu mno kutoka kwenye shingo, na hamna mtu aliyekuonyesha namna ya kulipima kabla hujatoa hela.

Kwaiyo humu hamna historia. Ni namna ya kuingia dukani, iwe Kariakoo, iwe mtaa wa Luthuli kule Nairobi, iwe duka dogo la vyombo vya kwaya mkoani kwenu, ukatoka na kitu cha kukufaa. Wanaotaka kubadilisha gitaa la zamani na wanaotafuta mwalimu hatua zenu ziko chini, ila hatua ya 3 mpaka ya 6 msiziruke, zinawahusu wote.

## Vitu vya kubeba

Simu yenye chaji na programu ya kutyuni. GuitarTuna ina toleo la bure, na ziko nyingine kibao. Shusha ukiwa nyumbani na uijaribu, usianze kuhangaika na bando ukiwa mbele ya muuzaji.

Makadi manne au matano ya laini za simu. Yale makadi ya plastiki yanayobaki ukishabandua laini. Kila moja lina unene wa milimita 0.76, sawa na kadi ya benki. Hiki ndo kipimo chetu kikuu leo kwaiyo usikidharau. Kadi ya benki nayo inafaa ila isiwe na namba zilizotuna.

Karatasi mbili za A4 za kawaida. Nitaeleza kazi yake.

Kebo ya gitaa kama unafuata gitaa la umeme na una rafiki wa kukuazima. Kebo za dukani zimechoka, utashindwa kujua kinachokwaruza ni gitaa au ni kebo.

Mtu anayejua kupiga, akipatikana. Hata yule kijana wa kwaya mtaani kwenu, mnunulie soda mwende wote. Asipopatikana nenda tu, vipimo vyote hapa unaweza kuvifanya hata kama hujui kodi moja.

Kingine, kata kucha za mkono wa kushoto na usivae mkanda wa suruali wenye bakoli kubwa (kile chuma cha kufungia). Bakoli inachuna mgongo wa gitaa, na ukilichuna dukani limeshakuwa lako.

## Hatua ya 1: Amua unataka kupiga nini

Muuzaji atakuuliza "unataka gitaa gani kaka", na ukijibu "lolote zuri" umempa ruhusa ya kukuuzia lililokaa dukani muda mrefu.

Kuna aina tatu za kuanzia. Gitaa kavu la nyuzi za nailoni, shingo yake pana, kama milimita 52 kule juu, nyuzi laini, halichubui vidole sana. Zuri kwa mtoto, kwa mtu mwenye vidole vinene, na kwa upigaji wa kudonoa kidole kwa kidole. Gitaa kavu la nyuzi za chuma, shingo nyembamba kama milimita 43, sauti kali, ndo linalotumika sana kuimbia ibada, bongo fleva ya gitaa na nyimbo za kukaa kibarazani. Gitaa la umeme, nyuzi zake ndo nyembamba kuliko zote na ni rahisi kukandamiza, ila bila ampu (spika ya kukuza sauti ya gitaa) halikufikishi mbali. Kama ndoto yako ni sebene, solo za dansi au kukaa jukwaani na bendi, anzia hapo hapo kwenye umeme, mtu asikuambie lazima uanze na kavu. Sio kweli.

Mtoto wa miaka 8 mpaka 11 hivi mtafutie saizi ya robo tatu. Chini ya hapo, nusu. Ukimpa la mkubwa mkono hautafika kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingoni) na atalichukia.

Onyo ambalo naomba ulishike: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata fundi akikuhakikishia. Seti ya kawaida ya chuma inayoanzia 12 (namba ya unene wa uzi mwembamba) inavuta zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, seti ya nailoni inavuta kama kilo 40 tu. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba huo mzigo, daraja (kile kipande mwilini kinachoshika nyuzi) linang'oka au tumbo (mbao ya mbele) linavimba. Ukikuta dukani gitaa la shingo pana limefungwa chuma, liache hapo hapo lilipo.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja: nataka gitaa kavu la chuma, la saizi kamili, la kuimbia.

## Hatua ya 2: Gawa hela yako kabla ya kutoka nyumbani

Hela yote usiimalizie kwenye gitaa. Tenga kama robo pembeni kwa ajili ya seti mpya ya nyuzi, begi lenye sponji, piki chache (vipande vya plastiki vya kudonolea nyuzi), kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni), na hela ya fundi wa kulirekebisha. Gitaa la bei ya chini lililopita kwa fundi linapigika vizuri kuliko la bei ya juu ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani, hili nimelishuhudia na nalisema bila wasiwasi.

Alafu uliza bei maduka matatu tofauti ya modeli ile ile. Taja modeli kamili, sio "Yamaha" tu. Yamaha F310 na Yamaha C40 zote ni gitaa kavu za wanaoanza, ila F310 ni ya chuma na C40 ni ya nailoni, ni vitu viwili tofauti. Ukishajua bei ya maduka matatu unajua wapi umepigwa na wapi umeheshimiwa.

## Hatua ya 3: Nenda muda ambao unaweza kusikia

Jumamosi mchana Kariakoo huwezi kupima gitaa. Spika za matangazo, honi, watu wanakupiga vikumbo, na muuzaji ana wateja sita. Nenda siku ya kazi asubuhi wakati maduka ndo yanafunguliwa. Muuzaji hana haraka, na wewe unasikia uzi unaolia vibaya.

Ukifika salimia vizuri, sema unachotaka, omba upewe nafasi ya kukaa. Sema mapema: "Kaka, naomba nilipime kidogo kabla ya kulipa." Muuzaji mzuri atakupa hata stuli. Akikukatalia kushika gitaa unalotaka kulinunua, toka, mtaa mzima una maduka.

Na hapa watu wanakosea sana: unapima lile la ukutani, linakuridhisha, unalipa, unaletewa lingine kwenye boksi kutoka stoo. Gitaa mbili za modeli moja hazifanani, moja nyuzi ziko chini nyingine ziko juu, moja shingo imenyooka nyingine imejikunja. Lipime lile lile utakaloondoka nalo. Ukiambiwa la boksi ni jipya zaidi sema sawa, lifungueni nalo nilipime.

## Hatua ya 4: Macho na mkono, kabla hujapiga hata uzi mmoja

Shingo. Shika gitaa usawa wa jicho, angalia kutoka kwenye kichwa kuelekea kwenye mwili kama unavyoangalia ubao umenyooka. Ikijipinda kushoto au kulia kama parafujo, liache, hilo halirekebishiki kwa bei ya kawaida. Ikiwa na mkunjo mdogo kwenda mbele hiyo ni kawaida na inatakiwa iwepo. Pima hivi: bana uzi wa 6 (ule mnene wa juu) kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Karatasi mbili za A4 zipite kwa kugusa, ni kama milimita 0.2, hapo safi. Kama ni pengo kubwa, uliza kama shingo ina nondo ya ndani (chuma cha kunyooshea shingo). Gitaa karibu zote za chuma na za umeme zinayo, inakazwa kwa spana ya alenki, fundi anamaliza dakika chache. Za nailoni nyingi hazina.

Ncha za freti. Pitisha kiganja pembeni ya shingo toka juu mpaka chini. Zikikukwaruza ni ishara mbao imesinyaa au kiwanda hakikupiga tupa. Fundi anarekebisha, ila ni sababu ya kushusha bei.

Daraja. Chukua karatasi ujaribu kuichomeka nyuma ya daraja, pale lilipogundishwa kwenye mwili. Karatasi isiingie kabisa. Ikiingia gundi imeanza kuachia, na kwa joto la Pwani hilo daraja litang'oka siku moja ukiwa umelala. Angalia na tumbo la gitaa nyuma ya daraja, lisiwe limevimba sana.

Ndani. Washa tochi ya simu, chungulia kwenye tundu. Tafuta nyufa, tafuta mbao za ndani zilizoachia. Gonga gonga mwili kwa kifundo cha kidole, ukisikia kitu kinachezacheza ndani ujue kuna mbao imebanduka. Kwenye ukingo wa tundu angalia unene wa mbao: ukiona matabaka ni plai, ukiona mishipa ya mbao inaendelea mpaka chini ni mbao nzima. Mbao nzima ina sauti bora, ila anayeanza asione aibu kununua plai, inavumilia unyevu vizuri zaidi na haipasuki hovyo.

## Hatua ya 5: Pima nyuzi ziko juu kiasi gani (hii ndo inayoamua)

Tyuni kwanza. Muuzaji au wewe mwenyewe kwa programu: kutoka mnene kwenda mwembamba E, A, D, G, B, E. Kupima gitaa lisilo na tyuni ni kazi bure kwa sababu nyuzi zikiwa legevu shingo inakaa tofauti.

Sasa hesabu mpaka freti ya 12, ile yenye vidoti viwili (za nailoni nyingi hazina vidoti, hesabu tu kwa kidole). Pangilia makadi ya laini pamoja, ingiza kona yake juu ya chuma cha freti ya 12, chini ya uzi wa 6, bila kuunyanyua uzi.

- Gitaa kavu la chuma: makadi matatu yakiingia kwa kugusa uko kwenye milimita 2.3, raha kabisa. Manne yakiingia kwa ulaini umeshavuka milimita 3, hapo ndo vidole vinaanza kuumia na F haitoki.
- Gitaa la nailoni: linaruhusiwa kuwa juu zaidi, mpaka karibu milimita 4. Makadi matano yasipite kwa ulaini.
- Gitaa la umeme: makadi mawili yaingie, matatu yakwame.

Rudia kwa uzi wa 1, ule mwembamba, wenyewe unatakiwa kuwa chini kidogo ya wa 6.

Ukikuta nyuzi ziko juu usikimbie moja kwa moja, angalia kwanza kama kuna nafasi ya kushusha. Kwenye daraja kuna kipande cheupe ambacho nyuzi zinakilalia. Fundi anakitoa, anakipiga msasa kwa chini, anakirudisha. Ukitaka kushusha milimita 1 pale freti ya 12 inabidi kipande kipungue milimita 2. Kwaiyo kama kimechomoza milimita 4 au zaidi, kuna cha kukata, gitaa linaokoka. Kama kimeshaisha karibu kinagusa mbao na nyuzi bado ziko juu, basi shingo yenyewe imeinuka, liache, hata wakilishusha bei nusu liache tu.

Bado moja, na hii hata wapigaji wengi hawaijui. Bana uzi kwenye freti ya 3, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Iwe ndogo sana, kama unywele mnene, uzi uwe karibu kugusa. Nafasi ikiwa kubwa maana yake mifereji ya kile kipande cha juu shingoni, mafundi wanakiita nati, haijachongwa vizuri. Hii ndo inafanya kodi ya F iwe mateso hata kwa mtu mwenye nguvu, maana unapigana na uzi pale pale freti ya kwanza. Fundi anachonga kwa tupa ndogo nusu saa. Lakini mwambie apeleke taratibu, akizidisha uzi unaanza kukwaruza freti ukipigwa bila kubanwa na inabidi kipande kibadilishwe.

Umefanikiwa kama umebana uzi wa 1 na wa 2 kwa kidole kimoja kwenye freti ya 1 na zikatoka sauti bila kukunja uso.

## Hatua ya 6: Sikiliza kila freti

Bana freti ya kwanza ya uzi wa 6, donoa, sogea ya pili, donoa, mpaka mwisho wa shingo, alafu uzi wa 5, hivyo hivyo mpaka wa 1. Gitaa la freti 20 ni sauti 120, unamaliza ndani ya dakika kama kumi. Wengi wanaona aibu kufanya hivi mbele ya watu, usione aibu, hela ni yako.

Unachotafuta ni uzi unaokwaruza freti, unaokufa haraka, au freti mbili zinazotoa sauti ile ile. Freti mbili zikilia sawa maana yake ya mbele imeinuka. Sehemu moja kama hiyo inatengenezeka. Zikiwa nyingi shingo nzima, hapana.

Kisha pima ukweli wa sauti. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, donoa, utasikia sauti nyembamba ya kengele, angalia tyuna (ile programu ya kutyuni) inasemaje. Sasa ubane uzi hapo hapo freti ya 12, donoa. Tyuna ionyeshe noti ile ile na mshale usihame sana. Ukihama mbali, kodi zako za juu zitakuwa chafu hata utyuni vipi. Kabla hujalihukumu uliza nyuzi zina muda gani, nyuzi zilizopata kutu zinadanganya. Kwa hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa gitaa likining'inia dukani miezi kadhaa nyuzi zinakuwa kahawia, omba lifungwe nyuzi mpya ulipime tena, hata kama utazilipia.

Mwisho, vile vifungo vya kukazia nyuzi. Vuta kila uzi juu kidogo kwa kidole mara kadhaa, tyuni tena, piga kwa dakika tatu nne, angalia tyuna. Kupotea kidogo kwa nyuzi mpya ni sawa, zinajivuta. Kama kifungo kinazunguka bure bila uzi kubadilika, au kinarudi chenyewe, kibadilishwe kabla hujalipa.

## Hatua ya 7: Kama ni la umeme

Vipimo vyote vya juu vinahusika, ongeza hivi. Chomeka kwenye ampu, zungusha kila kitufe taratibu. Kikikwaruza kidogo ni vumbi, kinasafishwa kwa dawa ya kupuliza, kikikata sauti kabisa kimekufa. Sogeza swichi ya pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) kila nafasi na gonga pikapu taratibu kwa kitu cha chuma, kila moja isikike kwenye zamu yake. Tikisa kebo pale kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo), sauti isikatike.

Muungurumo mdogo ukipungua ukishika nyuzi hiyo ni kawaida.

Lakini ukihisi umeme unakutekenya vidoleni, toa mkono na chomoa. Hiyo ampu au soketi haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Dukani utatekenywa tu, kanisani au jukwaani ukiwa umeshika nyuzi alafu mdomo ukagusa maiki iliyochomekwa kwingine unaweza kufa. Hili sio la kucheka nalo, na wanabendi wenzangu naomba mkague soketi zenu.

Gitaa kavu lenye pikapu mara nyingi lina betri ya volti 9, fungua kijumba chake uangalie kama betri haijavuja. Na usipange kutumia sabufa ya sebuleni kama ampu, haikutengenezwa kupokea gitaa moja kwa moja, sauti inatoka hafifu na mbaya alafu unalaumu gitaa.

## Hatua ya 8: Feki

Ukiona gitaa limeandikwa Gibson kwa bei ya gitaa la kujifunzia, ni feki, haina haja ya darubini. Ukitaka uhakika angalia kile kifuniko kidogo kichwani: Gibson kwa kawaida wanakifunga kwa skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Yamaha kavu zina lebo ndani ya tundu yenye modeli, na jina kichwani limekaa vizuri, sio stika inayobanduka kwa ukucha.

Niongeze tu kwamba gitaa lisilo na jina kubwa likifaulu hatua ya 4 mpaka ya 6 ni gitaa zuri, linunue kwa amani. Kinachouma ni kulipia jina ambalo halipo.

## Hatua ya 9: Maongezi ya bei na kulipa

Umeshapima, una orodha ya kasoro. Zitaje kwa heshima, bila kumponda mtu bidhaa yake: "Kaka gitaa nimelipenda, ila nyuzi zina kutu na nati iko juu, nitahitaji fundi. Tunafanyaje?" Kama bei haishuki omba vitu: seti ya nyuzi, begi, kapo, au fundi wao alirekebishe hapo hapo. Mimi hiyo ya fundi naiona bora kuliko punguzo, maduka mengi wana mtu wao pembeni na kwao gharama ni ndogo.

Risiti nyingi zimeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndo maana vipimo vyote vinafanyika kabla hela haijatoka. Ukikubaliana wabadilishe kitu au warekebishe, lipa baada ya kuona kimefanyika, sio "lipa tu uje kesho".

Ukilipa kwa simu soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, lifanane na la duka. Dai risiti ya EFD, kwa Kenya ile ya eTIMS, na omba modeli na namba ya gitaa viandikwe. Kesho ukitaka kuliuza hiyo risiti ndo ushahidi kwamba sio la wizi.

Ukinunua mtumba kwa mtu binafsi, mkutane mahali pa wazi, muandikishane kwa maandishi, jina na namba ya kitambulisho na shahidi. Mtu anayekataa kuandika hati ya gitaa lake mwenyewe, muache aende nalo.

## Hatua ya 10: Kubadilisha la zamani

Lisafishe, futa vumbi chini ya nyuzi, funga nyuzi mpya za bei nafuu, lityuni. Gitaa chafu linashushwa bei kabla halijaguswa.

Siri ni kutenganisha mazungumzo. Kwanza maliza bei ya gitaa unalolitaka kama vile unalipa taslimu, mkishafikia namba ndo utoe la kwako useme "hili mtalichukua kwa ngapi". Ukiyachanganya unaambiwa tu "ongeza laki moja na nusu juu", na huwezi kujua la kwako limehesabiwa shilingi ngapi na lao wamelipandisha kiasi gani.

Duka litakupa chini ya bei ya mtaani, na ni haki yao, nao wanatafuta faida na litakaa dukani. Kama tofauti inakuuma liuze mwenyewe, alafu urudi na hela. Kwa gitaa kavu la kujifunzia mara nyingi hiyo ndo njia bora.

## Hatua ya 11: Kupata mwalimu hapo hapo

Kabla hujaondoka uliza nani anafundisha. Wauzaji wanawajua wapigaji wote wa mji, wanakuja kununua nyuzi kwao. Ukipata namba, usilipe miezi mitatu kwa mkupuo. Lipia kipindi kimoja, uone anavyofundisha. Mwalimu anayekaa saa nzima akikupigia solo zake ni mpigaji mzuri, ila hujaja kuangalia tamasha. Unamtaka yule anayekuangalia vidole, anayekurekebisha mkono, na anayekupa kazi ya nyumbani.

Wanaotaka shule rasmi, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, Bagamoyo kuna TaSUBa, Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music. Na kwaya za makanisani bado zinafundisha vijana wengi bila malipo, nenda siku ya mazoezi ukaombe.

Mwezi wa kwanza lengo liwe dogo: Em, G, C na D, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa metronomu (programu ya kuhesabu mapigo) ya mapigo 60 kwa dakika bila kusimama. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili, vidole vinahitaji kurudiwa rudiwa ili ngozi ikomae. Ukiweza kuzungusha hizo kodi nne dakika mbili mfululizo bila kuangalia mkono, mwambie mwalimu akupeleke kwenye F, na kwa gitaa ulilolipima vizuri itatoka.

## Hatua ya 12: Kulifikisha nyumbani na kulitunza

Kwenye bodaboda gitaa likiwa mgongoni kichwa chake kinakuzidi urefu, matawi na milango ya magari inakipiga. Chukua bajaji. Basi la mkoani usilitupe kwenye buti chini ya mizigo, legeza nyuzi kidogo na omba ukae nalo.

Usiliache ndani ya gari juani hata nusu saa, gundi inalainika na daraja linaanza kutembea. Nyumbani lisiegemee ukuta unaopigwa na jua. Mbao inapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, Pwani muda mwingi tuko juu ya hapo, kwaiyo liweke kwenye begi pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Dodoma na Singida kiangazi ni kinyume, hewa ni kavu mno na mbao inapasuka, weka kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kikae kwenye begi pembeni ya gitaa, kisiguse mbao.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho ndo linaleta kutu. Na miezi miwili mitatu ikipita chukua tena yale makadi ya laini, pima freti ya 12. Mbao inahama ikizoea nyumba mpya. Kwa gitaa kavu la chuma, makadi manne yakianza kuingia mpelekee fundi akaze nondo au apunguze kipande cha daraja, na wakati huo huo afunge seti mpya ya nyuzi.